Maoni ya Umma Kuhusu Utangazaji wa Taifa: Unaulizwa Nini Hasa?

Tangazo la kuchukua maoni huwa fupi. Ukurasa wa ndani wa gazeti, nembo ya serikali juu, aya chache za Kiingereza cha kisheria, anwani ya barua pepe, tarehe ya mwisho. Umma unaombwa kueleza unavyouona uanuwai na ujumuishi katika utangazaji wa taifa. Muuza mboga wa soko la Marikiti, aliyewasha redio tangu saa tisa za usiku akisubiri lori la kabeji, huenda ana jibu bora kuliko wengi katika jiji hili la Nairobi. Tangazo hilo halimfikii. Na hata likimfikia, swali limefungwa katika maneno ambayo hayatumii nyumbani kwake wala sokoni.

Nataka kulifungua swali hilo, maana ni zito na linapotea kwa kuchanganywa. Ndani yake mna maswali kadhaa tofauti, na kila moja lina sheria yake, gharama yake na mtu wake wa kulijibu. Anayeyajibu yote kwa sentensi moja, "tunataka usawa," hurudi nyumbani na shukrani za mwenyekiti wa kikao na basi.

Maneno yenyewe kwanza. Uanuwai unahusu nani yumo: jamii, lugha, jinsia, umri, dini, ulemavu, mtaa wa mabanda na mtaa wa mageti. Ujumuishi unauliza yumo kwa masharti gani. Kila sikukuu ya taifa vikundi vya ngoma kutoka pande zote za nchi hucheza uwanjani mbele ya kamera, Waturkana, Wamijikenda, Waluhya na isukuti yao. Kwa muda huo uanuwai upo, tena unapendeza. Lakini mfugaji yule yule wa Turkana anapotajwa katika taarifa ya habari, mara nyingi ni kwa sababu ya ukame au wizi wa mifugo, na anayemsemea ni afisa au mtaalamu. Yumo, lakini hasemi. Kualikwa kucheza ni jambo moja, kuulizwa ngoma ipigwe lini ni jambo jingine kabisa, na vikao vingi vya maoni huhesabu la kwanza na kusahau la pili.

Sheria ya Kenya inagawa utangazaji katika mafungu matatu: wa umma, wa kibiashara na wa kijamii. Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibra ni redio za kijamii. Wa umma ni Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, lenye makao Barabara ya Harry Thuku, mkabala na Chuo Kikuu cha Nairobi. Hili ndilo lenye wajibu kwa kila Mkenya, awe anapendwa na watangazaji wa biashara au la. Kituo cha kibiashara kinaweza kusema wasikilizaji wa Marsabit ni wachache mno kuuziwa sabuni. KBC haiwezi kusema hivyo, maana ndiyo sababu ya kuwepo kwake.

Ili kuelewa kwa nini wajibu huo ni mgumu kutimizwa, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Redio ilianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Waafrika walianza kutangaziwa kwa lugha zao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipohitaji familia za askari zisikie habari za vita jinsi ilivyotaka zisikike. Runinga ikaja mwaka 1962. Mwaka 1964, serikali ya uhuru ikalivunja shirika la utangazaji, lililoitwa KBC wakati huo, na mahali pake ikaweka Sauti ya Kenya, idara ya wizara. Wanajeshi walioasi tarehe 1 Agosti 1982 waliikimbilia Sauti ya Kenya mapema kabisa, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kuwasomea tangazo lao hewani. Mwaka 1989 jina la KBC likarudi, shirika likaundwa upya kwa sheria ya Bunge.

Katika historia hiyo yote, kipaza sauti cha taifa kilijengwa kwa ajili ya kusema na wananchi. Kuwasikiliza hakukuwa sehemu ya mchoro wa jengo. Nani apewe nafasi hewani lilikuwa swali la utawala na usalama, na vizazi vya wahariri vilijifunza kazi katika hali hiyo. Katiba ya 2010 ilibadilisha maandishi: ibara ya 34 inavitaka vyombo vya habari vya serikali viamue vyenyewe maudhui yao, visiegemee upande, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana na hata yanayopinga. Desturi ya chumba cha habari haibadiliki kwa siku moja ya Agosti, Katiba ilipozinduliwa pale Uhuru Park.

Sasa lugha, ambalo kwangu ndilo swali lenye uzito mkubwa kuliko yote.

Sheria ya KBC inalitaka shirika litangaze kwa Kiingereza, Kiswahili, na lugha nyingine kadiri shirika litakavyoamua. Soma tena maneno ya mwisho. Lugha mbili ni wajibu, zilizobaki ni hiari ya shirika. Hiari hiyo imezaa matunda mengi: Mayienga kwa Kijaluo, Kitwek kwa Kikalenjin, Coro kwa Gikuyu, Mwatu kwa Kikamba, Minto kwa Ekegusii, Ingo kwa Kiluhya, Mwago kwa Kimeru, Nosim kwa Kimaa, Iftiin kwa Kisomali. Ni kazi ya kujivunia, na nchi nyingi za bara hili hazijaifikia. Lakini kilichotolewa kwa hiari kinaweza kupunguzwa kwa hiari, bila mtu kuvunja sheria yoyote. Kwa upande mwingine, ibara ya 7 ya Katiba inailazimu dola kuendeleza lugha za asili, lugha ya ishara ya Kenya, breli na njia nyingine zinazowafikia watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kuna pengo kati ya Katiba inayosema "lazima" na sheria ya shirika inayosema "kadiri litakavyoamua". Mtu akiniuliza apendekeze nini katika kikao cha maoni, ningemwambia aweke kidole hapo.

Halafu kuna hesabu ya jamii zenyewe. Tulilelewa na msemo wa "makabila arobaini na mawili" kama kwamba idadi ilichongwa kwenye jiwe. Mwaka 2017 Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43, na miezi michache baadaye Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Wapemba wa Pwani wakatambuliwa 2023. Orodha inaendelea kufunguka, na kila jina linaloingia lina haki ile ile ya kujisikia hewani. Hapa Nairobi, Wanubi wamekaa Kibra kwa zaidi ya karne moja na lugha yao ya Kinubi ni ya jiji hili kama ilivyo reli. Sheng nayo ni lugha ya kwanza ya vijana wengi wa Kaloleni, Dandora na Eastlands nzima, na hakuna orodha ya makabila inayoijua. Ratiba ya vipindi inayopangwa kwa kufuata ramani ya makabila itawakosa wote hawa.

Wapo wanaopinga lugha za mama hewani kwa hoja ya umoja, na hoja yao isipuuzwe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, baadhi ya vituo vya lugha za mama vililaumiwa kwa kuchochea chuki, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilizaliwa katika majonzi hayo. Najua watu ambao mpaka leo wakisikia redio ya lugha fulani ndani ya matatu mwili unawasisimka. Hata hivyo, naona funzo ambalo wengi hutoa pale silo. Chuki inasemeka kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Kilicho cha hatari ni chuki inayosemwa katika lugha ambayo msimamizi haielewi, maana inapita bila kuonekana. Tiba yake ni wahariri waliofunzwa, viwango vinavyofuatwa, na wasimamizi wanaozijua lugha hizo. Ukizima redio, lugha inabaki, na uchochezi unahamia kwenye simu.

Nihamie kwa wale wasioweza kupokea matangazo hata yakiwa katika lugha yao. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban laki tisa wenye umri wa miaka mitano na zaidi walio na ulemavu, sawa na asilimia 2.2. Mwaka 2003, miaka saba kabla ya Katiba mpya, kifungu cha 39 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu kilizitaka stesheni zote za runinga ziweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi chini ya picha katika taarifa zote za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Zote, za umma na za binafsi. Sheria haikuwa na utata.

Ila tazama taarifa ya habari ya saa moja usiku ukiwa umeondoa sauti kabisa. Jaribu usiku mmoja tu, dakika kumi. Mkalimani akiwepo, yuko katika kijisanduku cha pembeni, na mikono yake inakatwa na utepe wa habari unaopita chini. Lugha ya ishara haisemwi kwa mikono pekee. Uso, nyusi na mabega ni sehemu ya sarufi yake, na katika kijisanduku kidogo uso hausomeki. Habari za dharura zinapokatiza kipindi usiku wa manane, mafuriko ya Mathare kwa mfano, huo ndio wakati ambapo kiziwi anamhitaji mkalimani kuliko wakati wowote, na ndio wakati ambapo ni shida kumpata studioni.

Kuna jambo jingine ambalo wenye masikio mazima hulikosea. Wanadhani maandishi chini ya picha yanatosha. Lugha ya ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye muundo wake. Haikutokana na Kiswahili wala Kiingereza. Kwa kiziwi aliyekulia na lugha ya ishara, hasa aliyekosa shule nzuri, maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya picha ni lugha ya pili au ya tatu. Sheria ya 2003 iliposema "mkalimani au maandishi", iliziachia stesheni zichague, na neno hilo "au" lina gharama yake kwa watu hawa. Wasioona nao hawakutajwa katika kifungu hicho hata kidogo. Namba ya simu ya msaada inapoonyeshwa kwenye kioo na mtangazaji akasema "piga namba hiyo hapo chini", asiyeona amefungiwa mlango na mtu ambaye hakukusudia ubaya wowote. Kumfunza mtangazaji aitamke namba hakugharimu shilingi moja.

Swali la ajira nitalipita haraka, kwa kuwa hapa sheria imesema mengi tayari: ibara ya 27 na kanuni yake ya theluthi mbili za jinsia, ibara ya 54 na asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu, na ile Sheria ya Uwiano ya 2008 inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Tahadhari yangu ni moja tu. Takwimu za wafanyakazi wote kwa jumla huficha walipo. Shirika linaweza kutimiza kila asilimia kwa kuhesabu madereva na makarani, huku mkutano wa asubuhi unaoamua habari za siku ukiwa na sura zile zile. Ulizeni kuhusu mkutano huo. Ulizeni pia kuhusu bodi, ambayo mwenyekiti wake huteuliwa na Rais na wajumbe na waziri, kwa sababu anayemteua bosi ana mkono katika kila kipindi.

Kiwango cha maudhui ya ndani nacho hueleweka vibaya. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano, msimamizi wa utangazaji nchini, ziliweka asilimia 40 ya vipindi kuwa vya Kenya, na mafanikio yake kwa waigizaji na watayarishaji wetu ni makubwa. Lakini kipimo hicho kinauliza kama kipindi ni cha Kenya. Hakiulizi Kenya ipi. Tamthilia inayochezwa mwanzo hadi mwisho katika fleti ya Kilimani inatimiza asilimia yote. Mwenye kutaka kusikia maisha ya Lodwar au Lamu hewani asitegemee kanuni hiyo imfanyie kazi.

Haya, umetoa maoni. Yana nguvu gani?

Watu wengi wa Nairobi wamekata tamaa hapa, na siwalaumu. Tuliona jinsi Mswada wa Fedha wa 2024 ulivyopita mikononi mwa umma na maandamano yaliyofuata mwezi Juni. Lakini kuna tofauti ya kisheria inayofaa kueleweka. Kutoa maoni si kura. Ibara ya 10 inataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, na ibara ya 118 inalitaka Bunge liuwezeshe, lakini hakuna palipoandikwa kwamba wengi wakisema "hapana" basi jambo limekufa. Kinachodaiwa ni kwamba nafasi iwe ya kweli, na kwamba yaliyosemwa yapimwe.

Mahakama zimeeleza ukweli huo unafananaje. Mwaka 2014, katika kesi ya Robert Gakuru dhidi ya Kaunti ya Kiambu, Jaji George Odunga alifuta sheria ya fedha ya kaunti hiyo kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Akasema kwamba anayetafuta maoni atumie njia nyingi iwezekanavyo, makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za taifa na redio za lugha za mama. Linganisha na tangazo letu la gazetini. Mahakama ilishaitaja redio kuwa njia ya kuwafikia watu, na hapa jambo linalojadiliwa ni redio yenyewe. Mamlaka inayoomba maoni kuhusu utangazaji na isiyotangaza ombi hilo kwa Mayienga, kwa Iftiin, kwa mkalimani wa ishara, imeshajikwaa kabla ya kikao cha kwanza.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco kuhusu kanuni za tumbaku, iliweka miongozo: jambo lielezwe wazi, notisi iwe ya muda wa kutosha, makundi yote yawakilishwe, na wananchi waelimishwe kuhusu suala kabla ya kuulizwa. Na Oktoba 2024, ilipoamua kuhusu Sheria ya Fedha ya 2023, mahakama hiyo haikukubaliana na Mahakama ya Rufani iliyokuwa imeifuta sheria nzima. Huo ulikuwa ushindi kwa serikali, na ni vizuri tuukubali jinsi ulivyo: kushirikisha umma kuna kiwango chake, na mahakama haitafuta kila kitu kwa kuwa maoni yako hayakufuatwa.

Kwa hiyo wasilisho lenye meno ni lile linaloweza kupimwa. "Heshimuni jamii ndogo" haliwezi kupimwa, na afisa ataliweka katika jedwali mbele ya neno "limezingatiwa". "Kijisanduku cha mkalimani kiwe angalau moja ya sita ya kioo, kisifunikwe na utepe, katika taarifa ya saa moja na ya saa tatu" linaweza kupimwa kwa rula. "Maneno 'kadiri litakavyoamua' katika sheria ya KBC yaondolewe, na shirika lichapishe kila mwaka saa za hewani kwa kila lugha" linaweza kupimwa kwa saa. Taja kipindi, taja saa, taja kifungu. Na taja fedha, kwa kuwa hapo ndipo majibu mengi hufia: KBC haina ada ya runinga inayolipwa na kila nyumba kama ile ya Uingereza, inaishi kwa matangazo ya biashara na mgao wa serikali, na redio ya lugha ndogo haitawahi kujilipia. Pendekezo lisilosema fedha zitoke wapi linampa mwenye kalamu sababu nyepesi ya kulikataa.

Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi kwa ibara ya 7, sawa na Kiingereza. Nakuhimiza ufanye hivyo hata kama Kiingereza chako ni kizuri, ili ofisi izoee kupokea.

Na tarehe ya mwisho ikishapita, kazi haijaisha. Andika barua ya pili chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, uombe orodha ya maoni yaliyopokelewa na sababu za yaliyokataliwa. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na isipojibu, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Na kwa yule wa Marikiti asiyeandika, au yule ambaye ulemavu unamzuia kuandika, sheria hiyo inamtaka afisa wa habari amsaidie: akitamka ombi lake kwa mdomo, afisa ndiye anayeliandika.